Lugha ya Pili Chuoni Kampala: Hesabu Saa Kabla ya Kuhesabu Shilingi

Matokeo ya S6 yakishatoka na majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, wazazi na vijana wa Kampala huanza kuulizana jambo moja: huyu aliyepata nafasi chuo kikuu aongeze na lugha? Wengine husema lugha inafungua milango, wengine husema inapoteza muda wa masomo yenye ajira. Makala hii imeandikwa kwa ajili yako wewe uliye katikati ya mjadala huo, uwe mwanafunzi, mzazi au mlezi anayelipa ada, na haidhani kwamba umewahi kukanyaga lango la chuo chochote.

Tuanze na maana. Vyuo vikuu vya Uganda hufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo hapa lugha ya pili ni ile unayoiongeza juu ya Kiingereza na lugha ya nyumbani kwako, hata kama kwa hesabu ni ya tatu au ya nne. Inaweza kuwa Kiswahili, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Kichina au Luganda kwa asiyekulia Buganda.

Je, lugha inaingiaje katika digrii? Zipo njia tatu, nazo watu huzichanganya mno. Ya kwanza ni kuifanya lugha kuwa somo lako kuu. Makerere, kwa mfano, ina Shule Kuu ya Lugha, Fasihi na Mawasiliano, iliyo chini ya Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii, ile ambayo wanafunzi huiita CHUSS. Humo kuna Idara ya Lugha za Kiafrika, nayo Idara ya Lugha za Ulaya na Mashariki. Anayesoma Shahada ya Sanaa huanza na masomo kadhaa mwaka wa kwanza, kisha hupunguza na kubaki na machache anayoyazamia mpaka mwaka wa tatu. Lugha inaweza kuwa mojawapo, pamoja na historia, jiografia au fasihi. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari huchukua Shahada ya Sanaa na Elimu, ambapo atasomea ualimu pamoja na masomo mawili atakayofundisha. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, ikiwemo iliyokuwa ya kufundishia walimu, nacho ni mahali pa kuulizia njia hii. Ukishuka Banda, kwenye barabara ya Jinja, umefika.

Njia ya pili ni kuchukua lugha kama somo la kuchagua ndani ya digrii nyingine. Chuo hugawa masomo katika vipande viitwavyo kozi yuniti, yaani sehemu inayofundishwa na kutahiniwa ndani ya muhula mmoja. Baadhi ni za lazima, baadhi ni za kuchagua. Kuna pia uwezekano wa kuhudhuria kozi yuniti bila kuhesabiwa alama: unakaa darasani, unajifunza, lakini haikuongezei krediti za kuhitimu. Wanafunzi wachache huijua nafasi hii na wachache zaidi huiomba. Muulize mkuu wa idara mapema, kabla hujajisajili, maana ratiba zikishapangwa darasa la lugha huweza kugongana na somo lako la lazima.

Njia ya tatu iko nje ya digrii kabisa: unasoma udaktari, sheria au uhasibu mchana, na jioni au Jumamosi unasoma lugha kwenye taasisi yake, ukifanya mtihani wa kimataifa. Nitairudia huko mbele.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza kulijua, na ndilo linaloachwa: saa. Chuo hupima uzito wa somo kwa krediti. Krediti moja ni sawa na saa 15 za darasani katika muhula. Kozi yuniti yenye krediti 3 ni saa 45. Basi mwanafunzi anayechukua kozi yuniti moja ya kuchagua ya Kifaransa amepata saa 45, kisha muhula umekwisha. Anayekifanya somo kuu, tuseme kwa kozi yuniti mbili kila muhula kwa mihula sita ya miaka mitatu, atakuwa amekaa darasani saa 540.

Je, saa 540 zinatosha? Kwa Kifaransa, walimu hukadiria kwamba mtu anahitaji saa kama 500 hadi 600 za kufundishwa ili afike kiwango cha kujitegemea, cha kusoma gazeti, kujadiliana na kuandika barua ya kazi bila kushikwa mkono. Kwa hiyo aliyesoma lugha kama somo kuu anafika, tena kwa shida, na aliyechukua kozi yuniti moja amepata salamu, namba na kujitambulisha. Kwa Kiarabu na Kichina hesabu ni kali zaidi. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake hukadiria saa 2,200 za darasa kwa mzungumzaji wa Kiingereza kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Saa 540 ni robo tu ya hizo. Sisemi usisome Kichina. Nasema ukikisoma, ujue kwamba sehemu kubwa ya saa utaitoa mwenyewe, nje ya darasa. Saa moja kila siku kwa miaka mitatu ni zaidi ya saa 1,000, na hizo hazina ada.

Taasisi hiyohiyo hukipa Kiswahili takriban saa 900, lakini makadirio hayo ni ya mzungumzaji wa Kiingereza. Muganda, Munyankole au Musoga hahitaji muda huo, kwa kuwa lugha yake tayari ina ngeli, upatanisho wa kisarufi na vitenzi vinavyonyambulika kama Kiswahili. Kinachomsumbua ni msamiati na woga wa kuchekwa na­ wenzake. Kwa Muacholi, Mteso au Mlugbara, ambao lugha zao si za Kibantu, ngeli ndizo zitakazochukua muda, na inafaa aanze mapema.

Sasa, uchague lugha gani? Anza na swali la mahali unapotaka kutumia, wala si lugha ipi ina sifa. Kiswahili kina uzito wa kisheria hapa nchini: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima S1 na S2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yanahitaji walimu, na walimu hao hawajapatikana wa kutosha. Kijana anayesoma Kiswahili pamoja na ualimu leo anasomea pengo linaloonekana kwa macho. Ninaamini pia kwamba kila mwanafunzi wa sheria, uuguzi na kilimo angefaa kukijua, kwa sababu atakutana na dereva wa lori kutoka Mombasa, mkimbizi kutoka Bukavu na askari polisi, na hao wote wana Kiswahili.

Wapo wazee watakaokwambia Kiswahili ni lugha ya kambini, ya vitisho vya wanajeshi. Wana sababu ya kusema hivyo, kwa yale waliyoyapitia. Lakini Kampala ina historia nyingine pia. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa lugha hii, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia mwaka 1952 kwa takriban miaka kumi, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam. Kazi za utafiti wa Kiswahili zilifanyika kwenye mlima huohuo unaoupanda kutoka Wandegeya.

Kifaransa ni lugha ya jirani. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga 2022. Mfanyabiashara, mwanahabari au mfanyakazi wa shirika la misaada mwenye Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa anaweza kutumwa kutoka Arusha hadi Kinshasa. Kijerumani kinamfaa zaidi anayelenga kusoma Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila huhitaji cheti cha lugha cha kiwango cha juu kwa kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani. Kiarabu kina nafasi kwa wanaolenga Ghuba, Sudan na masomo ya dini. Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, kina kampasi Kibuli hapa Kampala, na hapo ndipo pa kwanza pa kuulizia Kiarabu. Kwa Kichina, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Makerere Desemba 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Xiangtan cha China.

Labda wewe unayesoma makala hii tayari Kiswahili ni chako: umekulia Mombasa, Tanga, Goma, au katika nyumba ya Wakongo pale Nsambya. Usijiandikishe darasa la wanaoanza kwa kutafuta alama rahisi. Kwa baadhi ya lugha Makerere imekuwa na mikondo miwili, wa wanaoanza na wa waliokwisha kusoma lugha hiyo, na mkondo wa pili ndio unaokufaa, kwa kuwa unakupeleka kwenye isimu (elimu ya jinsi lugha zinavyofanya kazi), fasihi na tafsiri. Jihadhari pia usidhani kuzungumza kunatosha. Kiswahili cha Goma au cha Nairobi kina uzuri wake, lakini mtihani unataka Kiswahili sanifu, na anayeingia bila kukiheshimu hushangaa anapopata alama chini ya aliyekianza darasani.

Vigezo vya kuingia ni vipi? Kwa anayetoka moja kwa moja shuleni, kiwango cha chini cha digrii ni kufaulu masomo yasiyopungua matano katika UCE, mtihani wa S4, na prinsipali mbili (ufaulu wa daraja A hadi E) katika UACE, mtihani wa S6, zote mbili katika kikao kimoja. Kisha huja uzito. Daraja A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Masomo ambayo ni muhimu kabisa kwa kozi huzidishwa kwa 3, yanayohusiana nayo huzidishwa kwa 2, na yanayopendelewa tu kwa 1. Mwenye C ya Kiswahili, ikiwa Kiswahili kimehesabiwa kuwa muhimu kwa kozi aliyoomba, anapata 4 mara 3, yaani 12. Ndiyo maana ni vyema kusoma jedwali la kozi kabla ya kujaza fomu. Aliyefanya diploma ana njia yake, na mwenye umri wa miaka 25 au zaidi anaweza kufanya mtihani maalumu wa watu wazima. Njia hizo mbili hutangazwa mapema zaidi kuliko ile ya waliotoka S6, kwa hiyo fuatilia matangazo mapema.

Kama ulisoma nje ya Uganda, kuna hatua moja kabla ya yote: kulinganishiwa vyeti. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa. Vyeti vya juu zaidi ya hapo hulinganishwa na NCHE, baraza linalosimamia elimu ya juu. Mkenya mwenye KCSE ya kidato cha nne hawezi kuingia digrii moja kwa moja. Hupitia Cheti cha Elimu ya Juu, kozi ya takriban mwaka mmoja, au hufanya S5 na S6. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo, yaani cheti cha kumaliza sekondari, abebe tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Anza kazi hii miezi kadhaa kabla, kwani barua ya ulinganisho ikichelewa na nafasi nayo hupita.

Maombi ya Makerere hufanywa kwa mtandao. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa chuo, unajaza kozi unazozitaka kwa mpangilio wa upendeleo, mfumo unakupa namba ya malipo inayojulikana kama PRN, nawe unaipeleka benki. Ada ya maombi iliyotangazwa miaka ya karibuni kwa waombaji wa Uganda na majirani wa Jumuiya imekuwa shilingi 50,000 za Uganda, pamoja na makato ya benki. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie, hata akiwa amevaa kitambulisho cha chuo shingoni.

Ukishapokelewa, gharama ni za aina mbili na familia nyingi huhesabu moja tu. Kuna ada ya masomo, inayolipwa kila muhula na asiyefadhiliwa na serikali. Halafu kuna ada za huduma: usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, afya, pamoja na shilingi 20,000 za NCHE kila mwaka. Omba karatasi ya ada ya kozi yako yenye mafungu yote mawili, ujumlishe miaka yote mitatu kabla ya kusema ndiyo. Kwa anayefikiria mkopo wa serikali kupitia HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ajue kwamba mikopo hiyo kwa sehemu kubwa imelenga kozi za sayansi. Mwanafunzi wa lugha asiweke matumaini yake yote hapo. Hili linanihuzunisha, kwa kuwa nchi inayotaka walimu wa Kiswahili ingepaswa kuwasaidia wanaojitolea kukisomea.

Na anayesomea kitu kingine kabisa? Huyu ndiye wa njia ya tatu. Kwa Kifaransa kuna Alliance Française Kampala. Kwa Kijerumani kuna Goethe-Zentrum, barabara ya Bukoto, upande wa Kamwokya. Kwa Kichina, Taasisi ya Confucius niliyoitaja. Hapo unalipia ngazi kwa ngazi, si miaka mitatu kwa pamoja, na hilo huwafaa wenye kipato kidogo. Uliza mambo manne: bei ya ngazi moja, saa zake ni ngapi, kitabu kimo ndani ya bei au la, na ada ya mtihani ni ya kando au la. Ukigawanya bei kwa saa utajua darasa lipi ni ghali kweli. Darasa la bei ndogo lenye saa 20 huweza kukugharimu zaidi kwa saa kuliko la bei kubwa lenye saa 60.

Ngazi zenyewe zina majina utakayoyasikia kila mahali: A1 na A2 ni za anayeanza, B1 na B2 za anayejitegemea, C1 na C2 za mbobezi. Ni kipimo cha Ulaya kinachotumika kwa lugha nyingi. Cheti cha Kifaransa cha DELF hutolewa kuanzia A1 hadi B2, na hakiishi muda wake. Kichina kina mtihani wake, HSK, na matokeo yake kwa maombi ya kusoma China hukubaliwa kwa miaka miwili. Basi usikimbilie HSK mwaka wa kwanza wakati maombi ya ufadhili utayafanya ukimaliza mwaka wa tatu. Ushauri wangu: lugha moja hadi B2 ina faida kuliko lugha tatu za A1. Mwajiri hana kazi ya kumpa mtu anayejua kuhesabu hadi mia kwa lugha tatu.

Kwenye ngazi hizi hasa ndipo wadanganyifu huingilia. Kuna watu mjini wanaouza ndoto ya kazi Ujerumani au Ghuba wakiambatanisha na darasa la lugha la wiki chache. Cheti cha A1 ni kweli kinatakiwa kwa anayekwenda Ujerumani kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia huku akiwasaidia kulea watoto, lakini chenyewe si viza wala si mkataba. Mafunzo ya uuguzi huko huhitaji angalau B1 na mara nyingi zaidi ya hapo. Anayekuahidi kukufikisha hapo kwa mwezi mmoja anakudanganya, na hesabu ya saa uliyoiona juu itakuthibitishia.

Zile saa za kujisomea nje ya darasa utazipata wapi? Nyingi hazigharimu chochote. Deutsche Welle ina kozi ya video ya Kijerumani isiyolipiwa, Nicos Weg, kuanzia ngazi ya A1. RFI ina taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi kila siku. Idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI zinasikika hata kwa simu ndogo, na ukisikiliza habari ileile kwa Kiingereza kwanza utafuata kwa urahisi. Ila sikio halitoshi. Kampala ina Wakongo wengi Katwe, Makindye na Nsambya wanaozungumza Kiswahili na Kifaransa, na wengi wao wanatafuta Kiingereza. Mkubaliane kubadilishana: nusu saa yako, nusu saa yake, mara mbili kwa wiki. Umwambie akusahihishe ukishamaliza sentensi, asikukatize kila neno, usije ukanyamaza kwa aibu.

Wiki za mwanzo za muhula usizipoteze. Panda hadi idarani mwenyewe, ukiwa na barua ya kupokelewa, matokeo yako na kitambulisho, na uulize: je, lugha hii inafundishwa mwaka huu kwa wanaoanza? Darasa lina wanafunzi wangapi? Nani anafundisha mazungumzo, na kwa saa ngapi kwa wiki? Nikibadili mawazo, siku ya mwisho ya kubadili somo ni lini? Orodha ya masomo kwenye tovuti huweza kutaja lugha ambayo mwaka huo haikupata mwalimu au wanafunzi wa kutosha. Ukishapata majibu, hakikisha jina la somo limeonekana kwenye usajili wako wa mtandaoni, uchapishe karatasi hiyo na kuihifadhi, kwa sababu alama ya somo lisilosajiliwa haitaingia kwenye matokeo yako hata kama ulihudhuria kila kipindi.